KDS, mshazari, nukta au kasoro: mtoto ashike njia ipi ya sehemu?

Alikuja jioni na mama yake, daftari kwapani, uso umekunjamana. Darasa la tano. Ukurasa wa kwanza wa mada ya sehemu ulikuwa na swali 1/2 + 1/3, na chini yake, kwa peni iliyokandamizwa mpaka karatasi ikataka kutoboka, jibu: 2/5. Alama ya kosa, nyekundu, imepita katikati.

"Mwalimu," mama akasema, "mimi enzi zangu nilifundishwa KDS, Kigawe Kidogo cha Shirika. Kaka yake anamfundisha kuzidisha hivi na hivi," akakata msalaba hewani kwa kidole. "Baba yake ndiyo kabisa, anamwambia achukue simu afanye kwa nukta, yaishe. Sasa huyu mtoto ashike lipi?"

Swali hilo nimelisikia kwa sura nyingi tangu nianze kufundisha tuisheni hapa barazani, na jibu langu la haraka haliwafurahishi wazazi: inategemea zile namba za chini. Yapo maswali ambayo kutafuta KDS ni sawa na kukodi trekta ulime tuta la mchicha. Yapo ambayo mshazari, ule msalaba wa kaka, utakupeleka porini. Na yapo ambayo hayahitaji kukokotoa chochote. Ila kabla sijazilinganisha njia zenyewe, lazima nianze na ile 2/5, maana mtoto anayeandika 2/5 umpe njia yoyote ataiharibu.

Asili ni jina, kiasi ni idadi

Namba ya chini tunaiita asili, ya juu kiasi. Waliotuchagulia maneno hayo walitufanyia hisani ambayo wengi hatuitumii. Asili ya kitu ni kule kinakotoka, ukoo wake. Kiasi ni hesabu tu: vipo vingapi. Kwenye 3/4, asili inasema "hizi ni robo", kiasi kinasema "ziko tatu". Basi.

Jaribu hivi nyumbani. Mwulize mtoto kwa mdomo, bila karatasi: robo tatu, ongeza robo moja, zinakuwa ngapi? Atakwambia robo nne, au atakwambia moja nzima. Sijawahi kumsikia hata mmoja akijibu "nne ya nane". Sasa mwandikie swali hilo hilo: 3/4 + 1/4. Utashangaa wangapi wanaandika 4/8. Mdomoni robo ni jina la kitu, kama embe. Kwenye karatasi ile 4 imekaa kama namba nyingine yoyote, inasubiri kujumlishwa.

Ndiyo maana wiki ya kwanza siruhusu mtu kusema "tatu ya nne". Tunasema nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, thumuni. Watoto wengi wa siku hizi wanajua matatu ya mwanzo tu, lakini kujifunza kwamba humusi ni 1/5, sudusi ni 1/6 na thumuni ni 1/8 ni kazi ya dakika tano. Ukishasema "sudusi tano na thumuni tatu", ulimi wenyewe unakataa kuzijumlisha zikiwa hivyo. (Tahadhari moja: kwa wazee wetu thumuni ilikuwa sarafu ya senti 50, yaani nusu shilingi. Usimtume mtoto kwa babu akaulize thumuni ni nini ukitarajia ajibiwe 1/8.)

Yule kijana hakukubali kirahisi. Aligeuza daftari kwenye kurasa za mazoezi akanionyesha: zoezi la kwanza 7/10, la pili 12/20, na chini mwalimu wake ameandika jumla, 19/30. "Mbona mwalimu anajumlisha juu kwa juu na chini kwa chini?"

Nampenda mtoto anayeuliza hivyo. Alichokiona ni kweli kabisa. Tofauti ni kwamba ile 7/10 ya alama si vipande vya kitu kimoja. Ni maswali 7 kati ya 10, kisha maswali 12 kati ya mengine 20. Kitu kizima chenyewe kimekua, kutoka maswali 10 hadi 30, kwa hiyo 19/30 ni haki. Ukizichukua kama sehemu za kitu kimoja, 7/10 ni sawa na 14/20, ongeza 12/20, unapata 26/20. Mwanafunzi wa 26 juu ya 20 angekuwa amepata asilimia 130, na sijui shule inayotoa hizo. Chapati lakini haikui unapoikata. Uliianza na nusu, ukaongezewa theluthi, halafu unaniambia umebaki na 2/5, ambayo haifiki hata nusu? Nani kakumegea?

Akacheka. Tukaingia kwenye njia.

Swali moja, njia nne

Niliwaandikia ubaoni 5/6 + 3/8, kwa sababu ni swali lenye shida kidogo bila kuwa la ukatili.

Njia ya mama, KDS, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote. Vigawe vya 8 ni 8, 16, 24. Nane haigawanyiki kwa 6, wala 16, lakini 24 inagawanyika. 5/6 inakuwa 20/24, 3/8 inakuwa 9/24. Jumla 29/24, yaani 1 na 5/24. Imeisha, hakuna cha kufupisha.

Njia ya kaka, mshazari. Juu ya huyu kwa chini ya yule: 5 × 8 ni 40; 3 × 6 ni 18; jumla 58. Chini kwa chini: 48. Jibu 58/48, sehemu guni, yaani juu ni kubwa kuliko chini, toa moja nzima ibaki 10/48, kata kwa 2: 1 na 5/24.

Njia ya baba, nukta. 5 gawanya kwa 6 ni 0.8333 na tatu zinaendelea mpaka uchoke. 3 gawanya kwa 8 ni 0.375. Jumla 1.2083 na tatu zinaendelea tena.

Njia ya nne hakuna aliyeitaja, nayo ndiyo ninayoipenda: kasoro. 5/6 ni moja kasoro sudusi. 3/8 ni nusu kasoro thumuni. Kwa hiyo jibu ni moja na nusu kasoro kidogo, na haliwezi kushuka chini ya moja, kwa kuwa ile 3/8 inatosha kuziba pengo la sudusi moja na kubaki. Sijapata jibu kamili, lakini najua linakaa kati ya 1 na 1½. Mtoto aliyepata 8/14 kwa kujumlisha ovyo angejiona mwenyewe kabla mwalimu hajamwona.

KDS na mshazari, ugomvi wa mama na kaka

Tofauti yao halisi ni ukubwa wa asili unayoishia nayo. Tazama:

| Swali | Asili kwa kuzidisha zote | Asili kwa KDS |
|---|---|---|
| 3/4 + 1/8 | 32 | 8 |
| 5/6 + 3/8 | 48 | 24 |
| 2/7 + 3/5 | 35 | 35 |
| 1/12 + 1/18 + 1/24 | 5,184 | 72 |

Mstari wa mwisho unajieleza. Kwa KDS ni 6/72 + 4/72 + 3/72, jumla 13/72, chai haijapoa. Kwa kuzidisha zote utapata 936/5,184, halafu ukae uifupishe. Bahati mbaya watoto waliozoea mshazari wakikutana na sehemu tatu hawajui hata mistari waichore vipi, kwa sababu msalaba una pande mbili tu.

Ila mstari wa tatu unampa haki kaka. 7 na 5 hazina kigawo cha shirika zaidi ya 1, kwa hiyo KDS ni 7 × 5 vile vile. Kuanza kuorodhesha vigawe vya 7 na vya 5 pale ni kupoteza muda wa mtihani.

Na mstari wa kwanza unawakatalia wote wawili. Nne inaingia ndani ya nane mara mbili, kwa hiyo robo tatu ni thumuni sita, ongeza moja, thumuni saba: 7/8. Nimeona mtoto akichora lile jedwali la kugawanya kwa namba tasa, 2, tena 2, tena 2, ili kupata KDS ya 4 na 8. Anafanya hivyo kwa kuwa alifundishwa utaratibu kabla ya kufundishwa kutazama.

Kwa hiyo mtoto akifika kwenye swali aziangalie asili kwanza. Moja inaingia ndani ya nyingine? Tumia ile kubwa. Hazina kitu cha shirika? Zidisha. Zina cha shirika, au sehemu ziko tatu na zaidi? Hapo ndipo KDS inapostahili jasho.

Mshazari una watu wanaoutukana sana, wanasema ni kukariri. Si kweli kwamba hauna maana. Chora mstatili, ugawe kwa mistari ya kulala upate safu 6, kisha kwa mistari ya kusimama upate nguzo 8. Umepata vyumba 48. 5/6 ya mstatili ni safu 5, na kila safu ina vyumba 8: vyumba 40. 3/8 ni nguzo 3, na kila nguzo ina vyumba 6: vyumba 18. Zile 40 na 18 za kaka ni vyumba vya kuhesabika, na 48 ya chini ni vyumba vyote. Mtoto akiichora mara moja kwa rula na penseli za rangi, mshazari unaacha kuwa uchawi. Asipoichora utabaki uchawi, na utamponza siku atakapokutana na 5/6 × 3/8. Atavuta misalaba yake kwa mazoea aandike 40/18. Jibu sahihi ni 15/48, yaani 5/16; ile 40/18 ni jibu la kugawanya 5/6 kwa 3/8, swali ambalo hakuulizwa. Hilo kosa nalisahihisha kila wiki.

KDS nayo ina kosa lake, la kimyakimya zaidi. Mtoto anapata 24 vizuri, anaiandika chini, halafu anasahau kubadilisha juu: 5/24 + 3/24 = 8/24. Yaani amebadilisha ukoo wa vipande akaacha idadi ile ile, kana kwamba sudusi tano na vipande vitano vya ishirini na nne ni kitu kimoja. Njia ya kasoro inamnasa papo hapo: 8/24 ni theluthi, na swali lilianza na 5/6.

Nukta za baba

Nisimwonee baba wa watu. Kwa pesa, kwa sentimita, kwa bei ya mafuta, nukta zimeshinda na hazirudi nyuma. Hata soko la hisa la New York, lililokuwa likitangaza bei kwa thumuni za dola tangu karne ya 18, liliingia kwenye 1/16 mwaka 1997 na kufikia 2001 likahamia desimali moja kwa moja. Na kama unataka kujua 5/8 na 17/27 ipi kubwa na simu iko mkononi, bonyeza.

Lakini kwa mtoto wa darasa la tano nina sababu tatu za kumwambia asubiri. Ya kwanza ni ya kawaida tu: kwenye mtihani wa darasa la saba kikokotoo hakiingii. Ya pili, mtoto ambaye hajakomaa kwenye sehemu anaona 0.125 ni kubwa kuliko 0.5, kwa sababu 125 ni nyingi kuliko 5. Mwambie ya kwanza ni thumuni, ya pili ni nusu, anajua mara moja.

Ya tatu ndiyo nzito. Nukta zinafika mwisho pale tu ambapo asili, ikishafupishwa, imejengwa kwa 2 na 5 peke yake: 1/2, 1/4, 1/5, 1/8, 1/20, 3/40. Ukigusa 3, au 7, au 11, hazikomi. 1/7 ni 0.142857 inayojirudia bila kuchoka. Lazima ukate mahali, na ukikata kuna mtu anapunjwa.

Mfano ambao kila mtu anauelewa ni mirathi. Marehemu kaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Kwa fiqhi, sheria ya Kiislamu, mke ana thumuni, mama ana sudusi, mtoto anachukua kinachobaki. Asili ya pamoja ni 24: mke 3, mama 4, mtoto 17. Mali ikiwa shilingi milioni 24, hesabu inakaa kwa milioni: 3, 4, 17. Sasa mpe hesabu hiyo mtu wa nukta aliyezoea tarakimu mbili, aandike sudusi kuwa 0.17. Mama atapewa 4,080,000. Zile 80,000 za ziada zimetoka wapi? Zimetoka kwa mtoto.

Wanaosoma mirathi, hiyo 24 wanaiita asili ya mas'ala. Neno ni lile lile la darasani. Na wao ndio waliokutana na swali ambalo mwalimu wa hesabu hapendi kuulizwa: ikiwaje sehemu zikizidi moja? Mwanamke akifariki akaacha mume na dada wawili wa baba mmoja mama mmoja, bila mtoto wala baba, mume ana nusu na dada wana theluthi mbili. 3/6 na 4/6 ni 7/6. Mali haiwezi kugawanywa sita ikatoka saba. Katika ukhalifa wa Umar bin Khattab iliamuliwa asili ipandishwe kutoka 6 hadi 7: mume 3/7, dada 4/7, kila mmoja apungukiwe kwa uwiano ule ule. Wanaiita aul, na kwa Wasunni ndiyo inayofuatwa hadi leo. Jaribu kuieleza kwa 0.5 na 0.6667 uone kama utaelewa nini kilichotokea.

Mafundi nao hawajaacha sehemu. Nenda duka la vifaa vya ujenzi uombe bomba la "sifuri nukta saba tano inchi". Watakutazama. Sema robo tatu, unapewa. Na fundi aliyeshika spana ya 7/16 ikazunguka ovyo hajui aende ya 1/2 au ya 3/8 mpaka ajue kwamba nusu ni 8/16 na 3/8 ni 6/16. Nati yake ni ndogo kuliko spana, kwa hiyo anashuka kwenda 3/8.

Kasoro, njia isiyo kwenye ubao

Sisi tunasoma saa mbili kasorobo tangu utotoni. Hatusemi saa moja na robo tatu, ingawa ndiyo hiyo hiyo. Tunatazama kilichobaki kufika. Akili hiyo ukiipeleka kwenye sehemu inafanya maajabu, hasa kwenye maswali ya kupanga sehemu kutoka ndogo kwenda kubwa.

7/8 na 8/9, ipi kubwa? Ya kwanza imepungukiwa thumuni, ya pili imepungukiwa moja ya tisa. Kipande cha tisa ni kidogo kuliko cha nane, kwa hiyo 8/9 imekaribia zaidi kutimia. Imeshinda. Hakuna KDS ya 72 wala nini.

7/12 na 5/9? Zote zimepita nusu. Nusu ya 12 ni 6, kwa hiyo 7/12 imepita kwa 1/12. Nusu ya 9 ni 4½, kwa hiyo 5/9 imepita kwa nusu ya moja ya tisa, yaani 1/18. Moja ya kumi na mbili ni kubwa kuliko moja ya kumi na nane. 7/12 imeshinda.

Nakiri ina ukomo. Haikupi jumla kamili, na sehemu zikibanana inakuacha njiani. 5/8 na 7/11 zimepita nusu kwa 1/8 na kwa 3/22, na sasa una swali jipya gumu kama lile la zamani. Hapo namwita kaka: 5 × 11 ni 55, 7 × 8 ni 56. 7/11 imeshinda kwa unywele. Kwa kulinganisha sehemu mbili zilizobanana, mshazari hauna mpinzani, na hakuna hata haja ya kuandika asili.

Chapati au kamba?

Mama yule anauza chapati asubuhi, kwa hiyo alipouliza picha gani amchoree mtoto nikamwambia hajakosea akianza na biashara yake. Nikampa swali: wateja 8, chapati 7, kila mtu apate sawa. Kalamu yake ilitaka kukata kila chapati vipande 8, mikato mingi na chapati zote zimekuwa makombo. Njia ya Wamisri wa kale, waliopenda sehemu zenye kiasi 1, ni nzuri zaidi: kata chapati nne kati, upate nusu nane, kata mbili robo robo, upate robo nane, moja iliyobaki ikate thumuni nane. Kila mteja anaondoka na nusu, robo na thumuni. 1/2 + 1/4 + 1/8 ni 7/8. Aliirudia kwa mikono hewani mara mbili kuhakikisha.

Lakini chapati ni rafiki wa 2, 4 na 8 tu. Kata duara vipande vitano sawa kwa jicho kama unaweza. Tena ina ubaya mwingine: mtoto aliyelelewa kwenye duara haamini kwamba 5/4 ipo. "Utakataje chapati vipande vinne ukala vitano?" Kwake sehemu ni kitu kilicho ndani ya duara, na nje ya duara hakuna maisha.

Kamba, au utepe wa karatasi, haina shida hiyo. Ukunje upate vipande sawa viwili, vitatu au sita, uweke alama, unyooshe mezani. Sasa ina 0 upande mmoja na 1 upande mwingine, na hakuna kinachokuzuia kuunga utepe wa pili mbele yake uende 5/4, 6/4, mpaka 2. Futi ya fundi cherehani inafanya kazi hiyo tayari, upande wa inchi una nusu, robo na thumuni zimechorwa. Nikilazimika kuchagua picha moja kwa mwaka mzima nachagua utepe. Chapati ni ya siku ya kwanza.

Kugawanya, kwa kifupi

Hapa mabishano ni madogo. Wengi tulifundishwa kugeuza ya pili kichwa chini kisha kuzidisha, na inafanya kazi. Mimi naanza na dukani. Una sukari robo tatu kilo, unafunga vifuko vya nusu robo. Vifuko vingapi? Nusu ya robo ni thumuni, robo tatu ni thumuni sita, vifuko sita. Yaani 6/8 gawanya kwa 1/8 ni 6, kama ambavyo maembe sita kwa embe moja moja ni mafungu sita. Asili zikishakuwa sawa, unagawanya kiasi kwa kiasi na asili huitazami tena. Baada ya hapo ndipo nawaonyesha kugeuza, na hakuna anayeuliza kwa nini jibu ni kubwa kuliko namba tuliyoanza nayo.

Giza lilikuwa limeanza kuingia. Nikamrudisha kijana kwenye ukurasa wake wa kwanza, 1/2 + 1/3, nikakaa kimya. Akautazama muda. Akachukua ule utepe, tuliokuwa tumeukunja vipande sita sawa, akaweka kidole katikati.

"Nusu ni sudusi tatu," akasema. "Theluthi ni sudusi mbili. Sudusi tano."

Mama akamwuliza, "Na KDS umeiweka wapi?"

"Sijaitumia, mama."

Mama akanitazama. Sikumsahihisha mtoto. Nikamwandikia 3/4 + 1/6 aende nayo nyumbani.